Usiiogope kwa Weusi Wake: Kuonja Maildi ya Uingereza

(Mhadhara uliotolewa mbele ya Waswahili wakazi wa West Midlands, katika chumba cha juu cha baa moja mjini Dudley. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni. Karibuni Dudley, hasa mliotoka Coventry na Leicester, na poleni na ile foleni ya barabara kuu.

Jambo la adabu kwanza. Wako kati yetu wasiotumia kilevi, wamekuja kwa ajili ya mazungumzo. Chai ya tangawizi iko pale mezani karibu na dirisha, na hakuna atakayeulizwa kwa nini kikombe chake hakina povu.

Wenye glasi, msinywe bado. Kila mmoja amewekewa mbili. Moja ina nusu painti, yaani robo lita na ushee. Nyingine ina kidogo tu, nimeifunika kwa kisahani, zamu yake itafika. Inueni hii ya nusu painti muielekeze kwenye taa. Mnaona rangi gani?

"Nyeusi." Naam. Na yupo mzee pale nyuma amesema "Guinness", nimemsikia.

Hapo ndipo nilipotaka tuanzie. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoezwa kuamini kwamba bia nyeusi ni bia kali. Guinness ya chupa ya kule kwetu ina kilevi cha zaidi ya asilimia 6, na Castle Milk Stout haiko mbali nayo. Tusker ni 4.2, Kilimanjaro ni 4.5, Safari ni 5.5. Kwa hiyo mtu akiona weusi anajikaza, anakunywa kwa heshima, na anahesabu chupa. Sasa hii mliyoshika ni asilimia 3.4. Tusker inaishinda. Karibu kila bia mliyowahi kununuliwa kwenye harusi inaishinda.

Inaitwa maildi, ni eli, bia ya Kiingereza ya aina ya zamani, na ninalotaka kuwaambia jioni hii ni moja tu: bia hii ilitengenezwa inywewe nyingi na watu waliochoka, kwa hiyo haionjwi kwa kuramba. Anayeionja kwa kifundo kimoja kisha akatoa hukumu, ameonja kitu kingine. Maildi huhukumiwa kwenye nusu ya mwisho ya glasi. Ndiyo maana mmepewa nusu painti, sikuwapa kikombe cha dawa ya kikohozi.

Turudi kwenye taa. Tazameni chini, pale kitako cha glasi kinapokuwa chembamba. Mnaona si nyeusi? Ni rangi ya damu ya mzee. Stauti nzito, jamii ya Guinness, haipitishi mwanga hivyo. Na povu lake ni la hudhurungi hafifu, tena ni dogo, kwa sababu gesi yake ni kidogo. Msiseme imelala. Imetulia.

Rangi hiyo imetoka wapi? Shayiri inalowekwa, inaachwa ichipue, halafu inakaushwa kwa joto ikawa kimea. Sehemu kubwa ya kimea kilichomo humu ni cheupe, kimekaushwa kwa joto la juu kidogo tu kuliko kile cha bia za rangi ya dhahabu. Kazi ya rangi inafanywa na vichache. Kuna kimea kilichopikwa kikiwa bado kibichi hadi sukari yake ikagandana ndani ya punje, hicho huleta utamu wa karameli. Na kuna kimea kilichokaangwa hadi kikawa karibu na makaa. Hicho cha mwisho mara nyingi hakizidi kilo tano katika kila kilo mia moja, lakini kinatia rangi pipa zima. Mwaka 1817 Mwingereza mmoja, Daniel Wheeler, alipata hataza ya chombo cha chuma cha kukaangia kimea kwa kukizungusha juu ya moto, mfano wa vile vya kukaangia kahawa. Tangu hapo mtengenezaji akaweza kutumia kimea cheupe chenye sukari nyingi kwa sehemu kubwa ya kazi, na kukiachia kile kilichokaangwa kazi ya kuipaka bia rangi.

Kuna pia sukari. Wataalamu wa bia wa Ujerumani husikia hili wakashika vichwa, ila Waingereza hawaoni aibu yoyote. Ni sukari iliyochemshwa na asidi kidogo ikavunjika, kisha ikapikwa hadi ikawa nyeusi. Watengenezaji wanaiagiza kwa namba, na ya maildi ni namba tatu. Hiyo ndiyo huleta ile ladha ya zabibu kavu mtakayoikuta baadaye. Na wengine hutia karameli tu mwishoni. Kiwanda cha Timothy Taylor kule Yorkshire kina maildi mbili, moja ya dhahabu na moja nyeusi, na ile nyeusi kimsingi ni ile ya dhahabu iliyotiwa karameli. Wape watu zote mbili wakiwa wamefumba macho uone ubishi utakaozuka. Jicho ni shahidi wa uongo kwenye bia hii, na mtaniona nikilirudia hilo.

Sasa nuseni. Msiharakishe. Zungusheni glasi kidogo halafu mnuse. Nani anasikia nini?

Kahawa, nakubali. Chokoleti, nakubali, ingawa chokoleti haimo hata chembe. Mkate ulioungua kidogo. Mama hapa mbele amesema "busaa" na watu wamecheka. Asichekwe. Ndugu zangu wa Bungoma na Kakamega wanajua kwamba unga wa busaa ukishachachuka hukaangwa juu ya bati, moto chini, mpaka uwe na rangi, ndipo uchanganywe na maji na kimea cha wimbi. Ile harufu ya nafaka iliyoguswa na moto ndiyo pua ya mama imeitambua. Uchachu wa busaa hautaupata humu, na ukiupata rudisha glasi kaunta, lakini moto ule ni ndugu yake.

Kabla hatujaanza, kijana mmoja aliniuliza kwa nini bia haijapozwa. Nyumbani mhudumu anakuuliza, "Ya baridi au ya moto?", na wako wazee wengi wa Moshi na Arusha ambao hawajawahi kujibu "ya baridi" tangu uhuru. Wazee hao wangeelewana na wazee wa hapa. Maildi hutolewa kwa joto la stoo, nyuzi 11 hadi 13. Ukiipoza kama soda, ile harufu mliyoisikia sasa hivi inajifungia na mnabaki na maji meusi machungu. Ukiiacha ipate joto la chumba hiki, inakuwa nzito na ya kukinai. Bado mna kama robo saa kabla haijafika huko, kwa hiyo nitafupisha maneno. Najaribu.

Hiyo stoo iko chini ya miguu yetu. Pipa la kawaida kule chini ni la galoni 9 za Kiingereza, yaani painti 72, karibu lita 41. Linaletwa bia ikiwa hai, chachu ikiwa bado ndani inafanya kazi. Ukilipokea unalilaza kwenye kitanda chake, unalipigia kijiti cha mti laini juu, gesi inatoka polepole kupitia kwenye nyuzi za mti, na bia inajituliza kwa siku moja au mbili. Ikishatulia unabadilisha, unaweka kijiti cha mti mgumu, ili gesi iliyobaki isipotee. Nimefanya kazi hiyo ya stoo katika baa kadhaa, na nawaambia kosa la kijiti linaonekana kwenye glasi kabla ya kosa la kiwanda.

Na ili bia iwe safi hivi mnavyoiona, wengi hutia gundi ya kibofu cha hewa cha samaki. Inaishusha chachu yote chini ya pipa. Watu wa Mwanza na Kisumu wametabasamu. Ndiyo, ni mabondo. Bondo la sangara mnalijua bei yake, na kusafisha bia ni moja ya kazi zinazotajwa za mabondo. Siku hizi viwanda kadhaa vimeacha gundi hiyo kwa ajili ya wasiokula nyama, na bia yao inatoka na ukungu kidogo bila ubaya wowote.

Pampu ile ndefu ya mkono mliyoiona kaunta haina gesi. Ni bomba la kuvuta tu, linaipandisha bia kutoka stoo kwa nguvu za mhudumu. Kila painti ikitoka, hewa inaingia kwenye pipa kuchukua nafasi yake. Tangu pipa lianze kutolewa una siku tatu hivi za bia nzuri. Siku ya tano unauza huzuni.

Haya, kunyweni. Fundo la mtu mwenye kiu, tafadhali, la kujaza mdomo.

Kijana wa shati la bluu amesema, "Ina maji." Ahsante kwa ukweli, na najua mko kadhaa mliofikiri hivyohivyo mkaona haya. Sisi tuna methali kwa mtu anayetia maji kinywaji chake: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema wa maildi hakusifiwa. Alitozwa kodi.

Katika karne ya 19 maildi ilikuwa ni bia iliyouzwa ikiwa changa, wiki chache tu baada ya kuchachuka. Mwenzake alikuwa pota, bia nyeusi nyingine ya Kiingereza, aliyelazwa miezi na miezi kwenye mapipa makubwa kama nyumba mpaka akapata uchachu wa uzee. Maildi ilikuwa changa, tamu, na kali. Mapipa yalipigwa alama ya X, na X zilivyoongezeka ndivyo kilevi kilivyopanda, hadi X nne. Hata ile ya X moja, iliyokuwa ya mtu wa kawaida, ilifika asilimia 5 au 6. Tena kwa sehemu kubwa ya karne hiyo nyingi hazikuwa nyeusi kabisa. Mambo yote mawili tunayoyajua leo kuhusu maildi, kwamba ni nyeusi na kwamba ni nyepesi, yalikuja baadaye.

Mwaka 1880 waziri mkuu Gladstone aliifuta kodi ya kimea, akaanza kutoza kodi kwenye maji matamu ya kimea kabla hayajachachuka. Hesabu yake ni rahisi. Maji matupu hupewa 1000. Sukari ya kimea ikiingia, uzito unapanda: 1040, 1050, 1060. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kilevi kinavyopanda, na ndivyo serikali inavyochukua. Mtengenezaji akaachiwa huru atumie sukari na nafaka nyingine atakavyo, mradi namba ile ilipiwe. Kwa hiyo tangu siku hiyo kila tone la nguvu katika bia ya Uingereza lilikuwa na bei, na serikali ilipohitaji fedha ilijua pa kuzikuta.

Ikaja vita ya 1914. Kodi ya pipa kubwa ilikuwa shilingi 7 na peni 9. Novemba ya mwaka huohuo waziri wa fedha, Lloyd George, akaipandisha hadi shilingi 23. Kufika 1920 ilikuwa shilingi 100. Shayiri ikawa adimu, meli za nafaka zinazamishwa na nyambizi za Ujerumani, na serikali ikaona ni afadhali nafaka iwe mkate. Ikapunguza kiasi cha bia kinachoruhusiwa kutengenezwa, na nguvu yake pia. Mwaka 1914 wastani wa bia ya nchi hii ulikuwa kama 1052. Mwaka 1918 ulikuwa kama 1030. Yaani ndani ya miaka minne karibu nusu ya sukari iliyokuwa ikiingia kwenye bia ilitoweka.

Walifanya na mengine ambayo kwetu yangeleta maandamano. Walifunga baa mchana, na desturi hiyo ya kufunga mchana ilidumu hapa Uingereza hadi 1988. Mjini Carlisle, palipokuwa na wafanyakazi wengi wa viwanda vya silaha, serikali ilinunua viwanda vya bia na baa zenyewe mwaka 1916, ikaziendesha mpaka 1973. Na mwaka 1915, sikilizeni hili, walikataza kumnunulia mwenzako. Ikawa kosa kisheria kuagiza raundi. Hebu fikirieni askari akikukamata Sinza kwa kosa la ukarimu.

Baada ya vita nguvu ilipanda kidogo, haikurudi ilikotoka. Mwaka 1931 uchumi ulipoanguka, waziri wa fedha Philip Snowden akaongeza kodi tena, viwanda vikapunguza tena. Vita ya pili ikapunguza tena. Hiyo ndiyo njia ambayo maildi imepita mpaka ikakukuta wewe, kijana wangu wa shati la bluu, ukiwa na 3.4 mkononi.

Kunyweni tena. Fundo la pili.

Sasa niwaonyeshe ufundi. Mtengenezaji aliyeambiwa apunguze kimea alikuwa na mteja wa namna gani? Eneo hili linaitwa Black Country kwa sababu ya moshi na makaa. Wanaume walikuwa kwenye migodi na kwenye tanuru za chuma, wanawake wa Cradley Heath walikuwa wakifua minyororo nyuma ya nyumba zao. Mwaka 1910 waligoma wakidai mshahara, wakashinda. Nanga kubwa ya Titanic ilitengenezwa Netherton, hapo tu, ikavutwa na farasi 20. Mtu aliyetoka kwenye kazi hiyo ana jasho la zamu nzima la kurudisha. Hataki kikombe cha bia kali. Anataka painti nne, tano, na kesho yake alfajiri awe kazini. Lakini pia hataki maji. Mtengenezaji aliyempa maji alimpoteza kwa kiwanda cha mtaa wa pili.

Kwa hiyo alifanya ujanja wa joto. Kimea kikilowekwa kwenye maji ya nyuzi 63 au 64, karibu sukari yote inageuka kilevi na bia inatoka kavu. Ukipandisha hadi 68 hivi, inabaki sukari ambayo chachu haiwezi kuila, na hiyo ndiyo inaupa ulimi kitu cha kushika. Akaongeza kile kimea cha karameli. Akapunguza hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kwa sababu uchungu mwingi kwenye bia nyepesi unabaki peke yake mdomoni kama fimbo. Hopsi zenyewe hazikutoka mbali: kila Septemba akina mama wa Black Country walichukua watoto wakaenda kuzichuma mashambani Worcestershire na Herefordshire, ikawa kazi na likizo kwa pamoja.

Mnaona tofauti kati ya fundo la kwanza na hili? La kwanza ulimi ulikuwa ukitafuta nguvu ukaikosa. La pili umeacha kuitafuta. Sasa unaanza kusikia kimea: biskuti, karameli, kisha zabibu kavu pembeni, na mwishoni uchungu mdogo wa ukaango ambao unaondoka wenyewe. Unaondoka, na mdomo unabaki safi ukidai tena. Hakuna kinachokinaisha. Laga kali, jamii ya akina Safari, huanza vizuri na kuchosha kabla ya mwisho wa chupa. Hii huanza kwa unyonge, inapata sauti katikati.

Kwenye sahani mna mikate ya mviringo yenye jibini na kitunguu kibichi. Ndiyo mlo wa baa za hapa. Ng'ateni, halafu fundo la tatu. Chumvi ya jibini inautoa utamu wa bia mbele, na kitunguu kinapata wa kukituliza. Kuna mabaa ya hapa yanayouza pia ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Hiyo sikuileta, kwa sababu zinazojulikana.

Naam, mama? "Kwa hiyo ni stauti iliyopunguzwa?" Hapana, na nashukuru umeuliza. Stauti hubebwa na ukavu na uchungu. Mara nyingi hutiwa shayiri iliyokaangwa bila hata kufanywa kimea, na hopsi zake ni nyingi zaidi. Maildi hubebwa na utamu wa kimea. Ukipunguza stauti kwa maji unapata majivu. Tena baadhi ya maildi hazifikii hata weusi huu. Ile ya Banks's ya Wolverhampton, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa bia ya eneo hili, ni ya rangi ya kaharabu. Kiwanda kilianza 1875, na mwaka 2024 wamiliki walitangaza kwamba wanakifunga. Watu wa Wolverhampton walilipokea tangazo hilo kama msiba, na wana haki.

Sasa toeni visahani.

Kilichomo kwenye glasi hii ndogo ni maildi pia. Ni asilimia 6. Inatoka Sedgley, mwendo mfupi kwa basi kutoka hapa, nyuma ya baa iitwayo Beacon Hotel. Mwanamke aitwaye Sarah Hughes aliinunua baa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920 akawa anatengeneza bia mwenyewe. Nyuma ya baa kuna kiwanda cha mnara cha enzi ya Malkia Victoria: nafaka inapandishwa juu, na kila hatua inashuka ghorofa kwa uzito wake mpaka bia inafika chini. Kilifungwa miaka ya 1950. Mwaka 1987 mjukuu wake, John Hughes, akakifufua akaanza kutengeneza tena bia ya bibi yake, na ndiyo hiyo mkononi. Mkienda, jiandaeni kuinama. Katikati ya baa kuna kibanda cha mhudumu chenye vidirisha vidogo, na ili uagize lazima uteremshe kichwa. Hata mtu mwenye cheo.

Onjeni hii kwa utaratibu. Tazama jinsi inavyoteleza kwenye ukuta wa glasi. Utamu wake umekomaa, kuna tunda jeusi lililoiva, na mwisho wake una joto linaloshuka kifuani. Hiyo ndiyo sababu nimeileta ya pili. Nguvu yake iko karibu na ile ya maildi kabla kodi na vita havijaingia mkono. Ni nzuri sana, naipenda, na painti ya tatu yake mtu anaanza kuongea Kiingereza cha mahakamani. Rudini sasa kwenye mabaki ya glasi ya kwanza. Si mnaona haijauawa? Ile ndogo haikuifanya hii kuwa maji. Ladha zake bado zimesimama, kila moja mahali pake. Kwangu mimi huo ndio mtihani, na ni wachache wanaoweza kuupita kwa asilimia 3.4. Kwenye bia ya asilimia 6 mtengenezaji anaweza kujificha nyuma ya kilevi na utamu. Humu hakuna pa kujificha.

Na kwa sababu hiyohiyo inaharibika upesi. Kilevi kidogo na hopsi chache maana yake walinzi wachache. Kwa hiyo jifunzeni dalili. Ikinuka siki, pipa limekaa. Ikiwa na ladha ya karatasi iliyolowa, hewa imeingia zamani. Harufu ya siagi kidogo inavumilika, ikizidi ni chachu haikumaliza kazi. Ukavu wa majivu kooni ni kosa la kiwanda, wamekaanga kupita kiasi. Hizo tatu za kwanza mhudumu anapaswa kukubadilishia bila kununa.

Maildi ilikuwa bia ya kawaida ya mfanyakazi wa nchi hii mpaka baada ya Vita ya Pili. Ilianguka kwa sababu ambazo nyingi hazikuhusu ladha. Migodi na tanuru zilifungwa. Vijana wakaona ni bia ya babu. Bita, eli yenye uchungu zaidi, ikachukua nafasi, kisha laga. Na kuna sifa mbaya ambayo wazee wa hapa watakusimulia hata hujauliza: wenye baa wasio waaminifu walikuwa wakimimina masalia ya trei za kaunta ndani ya pipa la maildi, kwa sababu weusi wake ulificha kila kitu. Mwenye kushuku hilo aliagiza nusu maildi, halafu akamwagia juu chupa ya bia ya hudhurungi ili kuichangamsha.

Haijafa lakini. CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa 1971 kutetea bia ya pipa, huipigia debe kila mwezi wa Mei, na huo ndio mwezi mwepesi wa kuikuta. Kwenye mashindano yao ya taifa imeshinda bia zote za Uingereza si mara moja: Black Cat ya Moorhouse's ya Burnley mwaka 2000 ikiwa na asilimia 3.4, ile ya Hobsons kutoka Shropshire mwaka 2007 ikiwa na 3.2 tu, na Ruby Mild ya Rudgate mwaka 2009. Tatu ndani ya miaka kumi, dhidi ya bia zenye nguvu mara mbili yake. Na tangu Agosti 2023 kodi imegeuka upande wa pili: bia iliyo chini ya asilimia 3.5 hutozwa, kwa kila lita ya kilevi, chini ya nusu ya ile iliyo juu ya hapo. Viwanda vikubwa vinahangaika kushusha laga zao hadi 3.4 na zinatoka na ladha ya mvua. Mwenye maildi hakuhitaji kushusha chochote. Alifikishwa hapo zamani na Lloyd George.

Swali la mwisho, halafu tushuke chini. Ndugu wa Kiambu anauliza kama inaweza kutengenezwa nyumbani.

Kimea kipo. Shayiri inalimwa Narok, na Moshi kumewahi kuwa na kiwanda cha kimea. Kukaanga tunajua. Sukari tunayo. Hopsi ni za kuagiza, lakini ni chache. Shida ni stoo. Dar es Salaam au Mombasa sahau, kwa nyuzi 30 pipa lililo hai litakuwa siki kabla ya Ijumaa, na ukiliwekea friji ya kutosha bei inaondoka mikononi mwa mtu aliyetengenezewa bia hii. Tafuta nyanda za juu: Lushoto, Njombe, au hukohuko kwenu Limuru. Limuru ya Julai, stoo ya mawe iliyochimbwa chini, unakaribia nyuzi za Dudley bila umeme. Ukifungua pipa Ijumaa jioni una painti 72 za kumaliza kufikia Jumapili, na kwa Limuru ninayoijua mimi, labda uanze na mapipa mawili.